Gunia la kahawa halizoeleki

Kikuubo, Kampala, kijana akianza kazi ya kubeba mizigo huambiwa neno moja: "Vumilia wiki mbili, mgongo utazoea."

Misuli huzoea, ndiyo, kwa kiasi chake. Lakini zile diski laini kati ya pingili za uti wa mgongo karibu hazina mishipa ya damu, kwa hiyo zikiumia hupona polepole mno. Gunia la kahawa ya kwenda nje ni kilo 60. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mwanamke apunguziwe sana. Kwa hiyo gunia la kwanza tu la asubuhi limeshapita kipimo.

"Vaa mkanda, uko salama." Mikanda mipana ya kiunoni inapendwa, nami niliuvaa msimu mzima nikijiona chuma. Mwaka 1994 NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, iliichunguza ikakataa kuipendekeza kuwa kinga kwa mtu ambaye hajaumia. Ubaya wake ni kwamba ukiuvaa huenda ukathubutu kunyanyua zaidi.

"Chuchumaa, usiiname." Ni ushauri nusu. Ukichuchumaa huku gunia liko mbele ya magoti, mikono imenyooka, mgongo unabeba kuliko ulivyodhani. Mzigo ukae karibu na tumbo. Usizungushe kiuno ukiwa nao, geuza miguu. Lakini mimi naanza na gunia lenyewe: kwa nini liko sakafuni? Likipangwa juu ya mbao, usawa wa paja, mtu analikumbatia bila kuinama sana. Toroli nayo si ya wavivu.

"Maumivu ni ya wachukuzi." Muulize fundi cherehani aliyekaa kwenye kistuli kifupi, mabega yamepanda hadi masikioni. Fundi mmoja jirani yetu alikunja blanketi kuukuu akalikalia. Viwiko vikalingana na meza, shingo ikatulia.

"Mgongo ukiuma, lala." Siku nyingi kitandani huchelewesha kupona, tembeatembea. Ila ukipata ganzi sehemu za siri, miguu ikilegea au mkojo ukikataa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na bosi anayesema "mgongo ni wako", Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inambebesha wajibu yeye pia.