Kumpeleka mzee Grand Canyon: pima kiti kwanza

Kabla ya kutafuta hoteli, chukua futi ya fundi cherehani upime kiti cha magurudumu. Mabasi ya bure ya ukingo wa kusini wa Grand Canyon, korongo kubwa la jimbo la Arizona, Marekani, yana ubao wa kupandishia viti, ila kiti kisizidi upana wa sentimita 76 na urefu wa sentimita 122. Skuta nyingi za umeme haziingii. Wengi huligundua hilo wakiwa kituoni, mzee kashachoka.

Kama kiti hakiingii, gari lako ndilo basi lako. Kuanzia 1 Machi hadi 30 Novemba barabara ya Hermit, kilomita 11 za ukingoni kuelekea magharibi, hufungwa kwa magari binafsi. Lakini mwenye shida ya kutembea hupewa kibali cha kupita na gari: kiombe langoni au kwenye kituo cha wageni siku hiyohiyo. Kibali hicho kinakufikisha pia Yaki Point, sehemu nyingine ya kutazamia korongo, ambako gari la kawaida haliruhusiwi mwaka mzima.

Siku ya kwanza fanya kidogo. Ukitoka mji wa Phoenix, kwenye mita 330 hivi juu ya bahari, unapanda hadi kama mita 2,100, na pumzi ya mzee hulihisi hilo hata akiwa amekaa. Anzia Mather Point, sehemu ya kutazamia korongo, fuata lami ya ukingoni kama kilomita moja hadi jumba la jiolojia la Yavapai, lililojengwa 1928. Madirisha yake makubwa yanatazama korongo, kwa hiyo upepo ukizidi mzee anaona yote akiwa ndani.

Kutoka hapo kuelekea kijiji cha wageni kilichopo ukingoni, vijiduara vya shaba vimepigiliwa njiani kila mita moja, na kila mita ni miaka milioni moja ya historia ya Dunia. Pembeni kuna mawe yaliyotolewa humo korongoni, mengine yamesuguliwa yakawa laini. Mwache mzee ayapapase. Asiyeona vizuri hufaidi hapa kuliko popote pengine. Ni kilomita mbili na ushei, msikimbilie kumaliza.

Usijaribu kusukuma kiti kwenda magharibi kutoka mwanzo wa Bright Angel, njia ya miguu inayoshuka korongoni. Kuna mlima mkali, na mbele lami inageuka udongo mwembamba. Lami nzuri inarudi kwenye kituo cha Monument Creek Vista, kilomita 4.5 hadi Hermits Rest, mwisho wa barabara ya Hermit. Shukeni hapo.

Desert View, upande wa mashariki, ipe siku yake. Magari binafsi huenda mwaka mzima, ila orofa za juu za mnara wake wa kutazamia, wa 1932, ni za ngazi tupu.

Wanaotumia basi la Hermit wakumbuke: likienda husimama vituo vyote, likirudi husimama vituo vya Pima, Mohave na Powell tu. Ukishuka penginepo, itabidi upande linaloendelea mbele mpaka mwisho, ndipo urudi.