Simu iko BWP ipi? Kutambua na kurekebisha hitilafu za kubadili upana wa masafa kwenye 5G

Kwenye 5G, simu hailazimiki kusikiliza upana wote wa seli. Seli ya MHz 100 inaweza kuipa simu kipande cha MHz 20 wakati wa utulivu, kisha kuihamishia kwenye upana wote data inapofurika. Kipande hicho ndicho BWP (bandwidth part). Simu huwekewa hadi BWP 4 kwa kila upande, wa kushuka (kutoka kituoni kwenda kwenye simu) na wa kupanda (kutoka kwenye simu kwenda kituoni), na moja tu huwa hai kwa wakati mmoja. Betri inanufaika sana, lakini kituo na simu vinaweza kupotezana, kila kimoja kikiamini mwenzake yuko kwenye BWP tofauti na aliyopo kweli.

Chanzo kikuu ni hiki: amri ya kubadili hubebwa na DCI (ujumbe mfupi wa udhibiti kutoka kituoni) ya umbizo 1_1 au 0_1, na DCI yenyewe haina risiti yake. Simu ikiikosa, haijui kuwa imekosa kitu. Chukua seli ya kHz 30 (nafasi kati ya vibeba mawimbi vidogo) ambapo BWP nyembamba ina bloku za masafa 51 na pana ina 273. Kwa ugawaji wa aina ya 1, sehemu ya DCI inayotaja bloku huchukua biti 11 kwenye nyembamba na biti 16 kwenye pana. Kwa hiyo hata kama CORESET (maeneo ambamo simu hutafuta DCI) za BWP zote mbili zimekaa juu ya bloku zilezile, simu iliyobaki nyuma inajaribu kufungua ujumbe kwa urefu usio wake, CRC (hesabu ya kuhakiki ujumbe) inakataa, na kila amri inayofuata inapotea kimyakimya.

Chanzo cha pili ni usanidi. Kwa kHz 30, muda wa kubadili ni sloti 2 (sloti moja ni ms 0.5) kwa simu za aina ya 1 na sloti 5, yaani ms 2.5, kwa aina ya 2. Jedwali la msingi A la ugawaji wa muda wa kushuka lina K0 (idadi ya sloti kati ya DCI na data yake) = 0 kila mstari. Usipoweka jedwali mahsusi kwenye BWP unayohamia, lenye K0 isiyopungua muda huo, unaiagiza simu ipokee data wakati redio yake bado inahama. Amri yenyewe pia lazima iwe ndani ya alama (symbol) 3 za kwanza za sloti. Makosa ya namna hii hujirudia hata kwa simu iliyo chini ya mnara, na ndivyo unavyoyatofautisha na DCI zinazopotea kwa redio dhaifu pembezoni mwa seli.

Cha tatu ni taima ya kutotumika, bwp-InactivityTimer. Simu huianzisha upya inapopokea DCI ya kuigawia data. Kituo huianzisha kinapoituma. DCI moja ikipotea, taima ya simu inakwisha mapema na simu inarudi peke yake kwenye BWP ya msingi (default). Ushauri wangu ni kituo kishike taima mbili kwa kila simu: moja ihesabu tangu DCI ya mwisho iliyothibitishwa, nyingine tangu ya mwisho iliyotumwa. Kati ya kuisha kwa moja na kuisha kwa nyingine usitume kitu kikubwa, maana hujui simu iko wapi.

Kutambua ni kazi ya kupima ushahidi. ACK (risiti ya kupokea) kwa data iliyotumwa na amri ya kubadili ni dalili nzuri, ila viwango vya 3GPP kwa PUCCH (chaneli ambayo simu hutumia kutuma risiti) huruhusu kituo kusoma ukimya kama ACK hadi asilimia 1 ya nyakati, kwa hiyo subiri risiti mbili kabla ya kufungua data nyingi. NACK (risiti ya kushindwa kusoma data) inahitaji uangalifu zaidi. Ikija peke yake, inaonyesha kwamba DCI ilifika na data ndiyo iliyoharibika. Lakini kwenye kitabu cha HARQ (orodha ya risiti za ACK na NACK) cha aina ya 1, simu inayotuma risiti za data nyingine hujaza NACK hata mahali ambapo haikupokea DCI yoyote, na hapo NACK haithibitishi chochote.

Kwenye TDD, ambapo kupanda na kushuka hutumia masafa yaleyale kwa zamu, kuna ushahidi bora zaidi. BWP za kupanda na kushuka huhama pamoja, hivyo simu iliyobaki nyuma itaendelea kutuma SR (maombi ya kupewa nafasi ya kupanda) na SRS (ishara za kupimia chaneli) kwenye nafasi za zamani. Acha kipokezi kisikilize nafasi za zamani na mpya mpaka uthibitisho upatikane. Kwenye FDD, ambapo kila upande una masafa yake, upande wa kupanda hauhami kwa amri ya kushuka, kwa hiyo unabaki na HARQ tu.

Wakati wa mashaka, zuia marekebisho ya MCS (kiwango cha usimbaji kinachoamua kasi). Mfumo unaosoma ukimya kama NACK utashusha kasi hatua kwa hatua bila faida, kwa kuwa ishara ni nzima na tatizo ni mahali.

Kurekebisha huanzia BWP ya zamani. Rudia amri huko kwa kiwango cha mkusanyiko cha 8 au 16, yaani DCI moja kwenye CCE (vipande vya kubebea DCI) 8 au 16. Kama simu ilishahama, umepoteza CCE chache tu. Ukimya ukiendelea, acha kabisa kuigawia simu data hadi taima iishe, ongeza muda wa kubadili, kisha ikutane nawe kwenye BWP ya msingi. Kwa taima ya ms 40 hiyo ni sloti 80 na chache za ziada. Taima inaweza kuwekwa hadi ms 2560, na ukiiweka hapo njia hii ya kurudi haina maana kwa mtu aliye kwenye simu ya sauti.

Usitegemee utambuzi wa kukatika kwa redio. Simu hupima ishara za BWP yake yenyewe, inaziona ni nzuri, na T310, taima ya kukatika kwa redio, haianzi. Kinachookoa mara nyingi ni SR: zikifika kikomo cha sr-TransMax bila jibu, simu huanza RACH (utaratibu wa kuomba kuingia upya), na kama BWP yake ya kupanda haina nafasi za PRACH (za kutumia ombi hilo) huhamia BWP ya awali (initial). Kituo kikiona C-RNTI (namba ya utambulisho) ya simu hiyo ndani ya Msg3 (ujumbe wa tatu wa RACH), kifute dhana zote za awali, kisimamishe taima zote mbili na kianze upya kutoka BWP ambayo RACH imetumia.