Mungu sio kijumbe wa mchezo wako

Jamani nimechoka. Semina ya uwakili, yaani kutunza na kutoa mali ya Mungu tuliyokabidhiwa, imeisha, tumeshaomba, soda zimegawiwa, watu wanatafuta viatu vyao mlangoni, afu mtu ananivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mbegu nilitoa, mbona sioni kitu?" Mbegu ndo ile sadaka unayoambiwa utoe ili Mungu akurudishie zaidi.

Safari hii alikuwa ni dada mmoja anayeuza vitumbua huku Makorora, Tanga. Ana mkopo, tena ule wa kausha damu, wa riba kubwa, marejesho kila wiki. Kaenda kwenye mkutano wa injili, mhubiri kasema toa ile inayokuuma, na yeye inayomuuma ilikuwa ni ile ya marejesho, akaitoa yote. Siku ya marejesho afisa mikopo kaja kabeba jiko la gesi na mtungi wake. Sasa ananiuliza kama imani yake ilikuwa ndogo. Nikamwambia mwanangu, imani yako haina shida, ila umefundishwa hesabu ya uongo, na aliyekufundisha saa hizi anakula mahali na jiko lake lipo.

Pale Ngamiani barabara zote hakuna asiyejua mchezo wa kupeana hela unavyokwenda. Kijumbe anapita anakusanya, kila mtu anatoa yake, zamu yako ikifika unapokea mzigo, na kijumbe akileta janja una haki ya kwenda kumpigia kelele mlangoni kwake mpaka majirani watoke, kwa sababu ni hela yako ile. Ni utaratibu mzuri tu, mimi mwenyewe nimesomesha watoto kwa mchezo. Lakini ndugu zangu wengi wameuchukua mchezo wakaupeleka madhabahuni. Nimetoa, zamu yangu lini? Na Mungu asipoleta wanamnunia.

Mimi ni mhasibu, nimeshika vitabu vya hesabu maisha yangu yote, vya kiwandani na vya usharika, kwa hiyo naangalia kwanza kipi kilitangulia. Nenda kwa Zakayo, Luka 19. Yesu anamwita ashuke, anasema leo imenipasa kushinda nyumbani mwako, watu wananung'unika, na mpaka hapo Zakayo hajatoa hata senti. Hakuambiwa lete kwanza nusu ya mali ndo nije. Mgeni kashaingia ndani ndo jamaa anasimama mwenyewe anasema nusu kwa maskini na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Neema imeingia kwanza, hela ikatoka baadaye. Ukiigeuza hiyo ukaanza na hela, unachohubiri ni kitu kingine kabisa hata kama kwaya inaimba vizuri.

Haya, Malaki 3:10. Leteni zaka kamili ghalani. Huu mstari naona watu wanaujua kuliko jina la katibu wa usharika wao. Ila hebu panda juu kidogo usome 3:5, mistari mitano tu kabla. Mungu anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya wanaomwonea mtu wa mshahara katika ujira wake, wanaomwonea mjane na yatima, wanaomnyima mgeni haki. Sijawahi kusikia mtu anahubiri zaka akianzia hapo. Mtu anatangaziwa kanisani katoa mifuko ya saruji, makofi, vigelegele, na dada wa kazi nyumbani kwake ana miezi mitatu hajalipwa, ukiuliza anakwambia si anakula na kulala bure. Huyo Malaki anamwongelea kabla hajafika kwenye ghala! Na sura ya kwanza ya Malaki inawasema makuhani wenyewe, wanaopeleka wanyama vipofu na vilema mezani pa Bwana, lakini hapo sisi viongozi huwa tunaruka.

Afu hilo ghala lenyewe. Lilikuwa la chakula, ndo maana mstari unasema kiwemo chakula katika nyumba yangu. Walawi hawakupewa urithi wa ardhi, walikuwa wanakula kutoka pale, na watu walipoacha kuleta, Nehemia 13 inasema walikimbilia kila mtu shambani kwake. Ukienda Kumbukumbu la Torati 14 ndo utachoka kabisa, kule mtoaji mwenyewe na nyumba yake wanaambiwa waile zaka yao mbele za Bwana, na kama safari ni ndefu auze apate fedha, akifika anunue chochote roho yake inachotamani, ng'ombe, kondoo, hata divai, ale afurahi. Kila mwaka wa tatu inabaki mjini kwa Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Nikisoma hii kwenye semina watu wanacheka wanadhani natania. Sitanii, fungueni. Kwa hiyo anayekwambia zaka ya Biblia ni asilimia kumi ya mshahara iingie kwenye namba ya simu ya mhubiri, muulize ameitoa sura gani.

(Na lile swali la kabla ya makato au baada ya makato sijibu tena. Zaka ya Torati ilikuwa ya nafaka, divai, mafuta na mifugo, hakukuwa na karatasi ya mshahara, toa ulivyokusudia moyoni uendelee na maisha.)

Kitu kingine kinachonikera ni yule mjane wa senti mbili, Marko 12. Kila ujenzi wa kanisa lazima aitwe, masikini, kama mchangishaji wa kudumu. Ni kweli Yesu anasema katoa kuliko wote, sikatai. Lakini mistari iliyo juu yake, pumzi hiyohiyo, Yesu ametoka kuwasema waandishi wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu kwa unafiki. Na ukifungua sura ya 13, mwanafunzi mmoja anashangaa mawe ya hekalu yalivyo makubwa, naye Yesu anamwambia halitabaki jiwe juu ya jiwe. Sasa huyu mama katoa riziki yake yote kwa nyumba ambayo Bwana anasema itabomolewa. Je, Yesu anamsifu, au anasikitika kwamba dini imemfikisha mjane hapo? Nimesoma watu wenye akili pande zote mbili. Mimi naona anafanya yote mawili, anauheshimu moyo wake na anaushitaki mfumo, ila siwezi kukuapia. Ninachoweza kukuapia ni kwamba hakuiweka hadithi ile ili wewe ukamtoe mjane mwingine senti zake.

Upande wa pili nao wapo, msidhani nimewasahau. Hawa wameshika neema. "Mwalimu tuko chini ya neema, Mungu anaangalia moyo." Mtu ana nyumba Raskazone, gari la kisasa, kikapu kikipita anadondosha jero, tena anaitafuta kwanza mfukoni akihakikisha haijashikana na elfu kumi. Moyo gani sasa huo anaouangalia Mungu? Paulo kwenye 2 Wakorintho 8 anaanza na neema, ndio, neema waliyopewa makanisa ya Makedonia, na neema ile ikazaa nini? Watu maskini wa kutupwa wakawa wanaomba waruhusiwe kuchangia ndugu wa Yerusalemu. Mistari michache mbele anataja Kristo aliyekuwa tajiri akawa maskini kwa ajili yenu. Hapo hutaiona asilimia wala laana, na hata kwa waliopungukiwa anasema mtu hukubaliwa kwa alichonacho, sio kwa asichonacho. Neema ikikufika kweli mkono unafunguka wenyewe, na mkono uliofungwa sana unanipa wasiwasi kama mwenyewe alishapokea kitu.

Ukitaka kuona utoaji wa raha njoo kwenye mnada baada ya ibada ya mavuno. Machungwa ya Muheza kwenye kiroba, nazi, mayai kwenye sahani, jogoo amefungwa miguu analalamika. Mzee mmoja kanunua yule jogoo kwa bei ya kichaa, afu kasema rudisheni mnadani, kanunuliwa tena, wa pili naye kasema mpelekeeni bibi aliyemleta. Watu walicheka mpaka machozi. Hakuna aliyeuliza baraka yangu lini. Najua, mnada nao una wenye kujionyesha, wanapandisha bei wakiangalia nani anawaangalia, lakini hata hivyo naupenda kuliko bahasha ya vitisho.

Mengine haraka haraka. Uwakili sio sadaka tu, ile asilimia tisini inayobaki nayo ina mwenyewe. Lipa deni. Mzani wa duka uwe sawa. Toa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, bila mteja kugombana na wewe. Andika wosia kabla ndugu hawajagombania kiwanja msibani. Na marejesho ya mkopo sio mbegu, hela ile kesho sio yako, huwezi kumtolea Mungu sadaka ya hela ya mtu mwingine.

Sasa niseme na yanayonisumbua, maana nisiposema mtasema mzee anajua kila kitu. 2 Wakorintho 9 inaongelea kupanda na kuvuna, imeandikwa, apandaye haba atavuna haba, siwezi kuichana. Naisoma kwamba Mungu anatujalia ili tuzidi kuwa wakarimu, sio ili tubadilishe gari, lakini kuna watu nawajua wametoa na wakafunguliwa mambo kwa namna ambayo uhasibu wangu hauielezi. Na nawajua waliotoa vilevile wakafa masikini, watakatifu. Mimi mwenyewe natoa fungu la kumi kila mwezi na siamini kwamba Mkristo amefungwa nalo kisheria. Mke wangu ananiambia sasa unatoa kwanini kama sio sheria. Namwambia nimezoea, na nikipunguza najijua nitapunguza mpaka ifike jero.

Kinachonishangaza sisi Walutheri ni kwamba kila tarehe 31 Oktoba tunakumbuka Luther na hoja zake 95 za mwaka 1517, alipopinga watu kuuziwa vyeti vya msamaha, hela inakwenda kujenga kanisa la Mtakatifu Petro Roma. Hoja ya 46 inasema mtu asiyekuwa na ziada abaki na mahitaji ya nyumba yake, asiyatapanye kwa vyeti hivyo. Yaani dada wa vitumbua alishaandikiwa jibu lake kabla mzungu yeyote hajaleta mkonge Tanga. Tunasoma, tunaimba Mungu wetu ni boma, Jumapili inayofuata tunatangaza bahasha ya mafanikio.

Wachungaji watanipigia, najua. "Mwalimu ukifundisha hivyo bajeti itakufa." Inawezekana, sibishi. Ila jaribuni alichofanya Paulo kwanza, alimtuma Tito na ndugu wengine waliokuwa na sifa njema wasimamie ule mchango, kusudi asije mtu akamlaumu. Kwa lugha ya ofisini kwetu: watu zaidi ya mmoja kwenye kuhesabu, saini zaidi ya moja benki, na taarifa ya mapato na matumizi inabandikwa ubaoni, sio inasomwa mbio mbio watu wakiwa wamesimama kwenda nyumbani. Andikeni na nauli za semina humo, hata zangu. Na jiko la yule dada, jumuiya yake imeshaanza kuchangishana, ukiwa Makorora muulize mzee wa kanisa wa pale.