Umezima au umevilaza? Dhana potofu kuhusu umeme wa TV, king'amuzi na sabufa

Shangazi yangu wa Makorora, hapa Tanga, hununua umeme kidogo kidogo, na uniti zikiisha mapema lawama zote huangukia TV. Juzi, nilipokwishamwamkia, akaniuliza: "Mwanangu, usiku nazima kila kitu. Hizi uniti zinakwenda wapi?" Nikamwonyesha vitaa viwili vyekundu gizani sebuleni. "Hujazima, shangazi. Umevilaza tu."

Dhana: Ukizima kwa rimoti, umezima.

Rimoti haikati umeme. Kifaa kinabaki macho kikisubiri kubonyezwa tena. Hata hivyo TV mpya ikilala hula kidogo mno. Ulaya, kwa mfano, tangu 2013 kanuni zinataka vifaa vingi vya nyumbani visizidi nusu wati vikiwa katika hali hiyo, au zaidi kidogo kama vinaonyesha saa au maandishi. Mlaji wa kimyakimya ni king'amuzi. Vingi vikizimwa kwa rimoti hufunga picha tu, huku ndani kazi ikiendelea karibu kama kawaida. Kiguse asubuhi, utakikuta kina joto.

Nilipima kwa mita ya LUKU, na wewe unaweza. Tazama kitaa kinachopepesa na maandishi "imp/kWh" kando yake. Yangu imeandikwa 1000, maana yake kitaa kikipepesa mara 1000 uniti moja imekwenda. Nilichomoa kila kitu, friji pia, nikaacha king'amuzi peke yake "kimezimwa". Kitaa kilipepesa kila baada ya dakika 6 hivi, yaani wati 10. Sisi hutazama saa 5 kwa siku. Saa 19 zinazobaki king'amuzi kinalala kikila. Kwa siku 30 ni uniti 5.7. TV ya LED ya wati 40, ikitazamwa saa hizo 5 kila siku, hutumia uniti 6. Kwa hiyo king'amuzi kilicholala kinakaribia kula sawa na TV inayotazamwa! Hesabu hii iliniuma kweli.

Dhana: Kuwasha na kuzima mara kwa mara hula zaidi kuliko kuacha.

Mshtuko wa umeme wakati wa kuwasha upo, lakini hauchukui hata sekunde moja. Dakika chache za kuacha kifaa kikiwaka bure zinaupita.

Dhana: Sabufa ya wati 5000 itamaliza uniti.

Hapa Ngamiani nimesikia watu wakikataza watoto kufungulia taarabu kwa sababu ya namba hiyo ya kwenye boksi. Ikiandikwa PMPO, ni namba ya kuuzia tu. Geuza sabufa usome kibandiko cha nyuma, penye volti 220 hadi 240; mara nyingi utakuta wati chache sana, kama 40 au 60. Kupunguza sauti huokoa kidogo. Kwenye TV, kinachookoa ni kupunguza mwanga wa kioo: TV mpya nyingi hutoka dukani zikiwa zimewekwa mng'ao mkali wa kuvutia wateja, na sebuleni usiku hauhitajiki. Na kama bado una TV ya chogo, jua kwamba ya inchi 21 hufika wati 70 na zaidi, wakati LED iliyo kubwa kidogo kuliko hiyo kwa kawaida haifiki hapo.

Dhana: Kuna kidude cha kuchomeka ukutani kinachopunguza umeme.

Usinunue, tafadhali. Mita ya nyumbani huhesabu umeme uliotumika kweli, na kidude hicho hakigusi hesabu hiyo. Gadi nayo hulinda TV umeme ukipanda au kushuka. Ni kazi nzuri, ila si kuokoa uniti.

Dhana: Ukizima king'amuzi ukutani, chaneli zitafungwa.

Hii ndiyo iliyokuwa hofu ya shangazi. Malipo yanafuata namba ya kadi au ya king'amuzi, si umeme. Ukikiwasha tena kitachukua dakika chache kutafuta mawimbi, basi. Ila siku ya kulipia kiache kikiwaka mpaka chaneli zifunguke, na kama umekiagiza kirekodi kipindi usiku, usikizime. Masika yakianza na radi zake, chomoa plagi kabisa, pamoja na waya wa dishi au antena.

Shangazi sasa ameunganisha TV, king'amuzi na sabufa kwenye ekstensheni moja yenye swichi, na mjukuu wake ndiye huibonyeza kabla ya kulala.