Gari la zamani likimisi, si lazima iwe plagi

Wengi wetu hapa Mwanza tumezoea kuamini kwamba gari la spoti la zamani likimisi, yaani silinda ikishindwa kuwasha petroli kwa zamu yake, plagi (zinazotoa cheche ya kuiwasha) zimekufa. Badilisha zote, yaishe. Imani hii ina msingi, maana plagi huchakaa kweli. Ila silinda inahitaji cheche kwa wakati wake, mchanganyiko sahihi wa hewa na petroli, na mgandamizo. Kikikosekana kimoja, injini hutetemeka.

Chukua Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973: silinda 6, kabureta 2 za kuchanganya hewa na petroli, kila moja ikilisha silinda 3. Silinda 3 za mbele zikisumbua pamoja, anza na kabureta yake.

Inaniuma mtu akinunua seti mpya kabla ya kuzisoma plagi alizonazo. Zing'oe injini ikiwa imepoa, uzipange kwa namba za silinda. Masizi meusi makavu mara nyingi ni petroli iliyozidi. Iliyolowa oili, oili inapenya. Unayoishuku ibadilishane nafasi na jirani yake. Ubovu ukiifuata, plagi ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, tafuta kwingine. Asubuhi za unyevu wa ziwa, fungua kifuniko cha distributa, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi: tone la maji, au ufa mwembamba kama unywele, hupoteza cheche. Na gizani, boneti wazi na injini inanguruma, tazama waya za plagi bila kuzigusa. Uliopasuka hurusha cheche pembeni.