Betri ya gari la umeme si bomu

Hapa Mtwara bado wapo wanaoapa kwamba gari la umeme likigongwa tu, betri hulipuka na bodi zima hupiga shoti. Sivyo. Betri hukaa chini ya sakafu, ndani ya kasha gumu. Kishindo kikubwa, kile kinachofungua mifuko ya hewa, hukata pia umeme wa betri kabla hujapepesa jicho. Nyaya za rangi ya machungwa, zinazobeba umeme mkubwa wa betri, usiziguse, hata hivyo.

Ninachokihofia mimi ni kingine: seli iliyopondeka, yaani kijibetri kimoja kati ya vingi vinavyounda betri, huweza kupata joto kimyakimya, ikawaka baada ya saa kadhaa, hata siku. Kwa hiyo gari lililogongwa barabara ya Lindi lisivutwe hadi gereji likabanana na mengine. Liwekwe peke yake, uwanjani. Likiwaka, yatahitajika maji mengi mno. Ndoo ya mchanga haitoshi.