Bega Lililofungwa Miezi Mitatu Halijapona, Limeganda

"Daktari alisema nisiusogeze." Maneno haya nayasikia karibu kila siku ya kliniki yangu ya mazoezi ya viungo. Anayeyasema huwa ameingia na mkono bado unaning'inia kwenye kitambaa shingoni, kwapa limechubuka kwa jasho, vidole vimevimba. Nikitazama kadi yake naona aliumia kabla ya mfungo wa Ramadhani, na sasa tumeshakula Idi Kubwa. Namuuliza: daktari alisema usiusogeze kwa muda gani? Hakumbuki. Nafungua faili, nakuta wiki mbili. Zilipoisha akaona bado panauma, akajiongezea mbili nyingine, nyumbani wakamsifu kwa uvumilivu, ndiyo tukafika hapa.

Kwa hiyo naanza na dhana hii, na nitakaa nayo muda mrefu kuliko nyingine zote, maana ndiyo inayoharibu mabega mengi zaidi kuliko pikipiki zenyewe.

Dhana: bega lililoumia vibaya lisiguswe mpaka maumivu yaishe kabisa.

Ukweli: ukingoja maumivu yaishe ndipo uanze, yanayoisha ni bega. Kichwa kikubwa cha mfupa wa mkono kimeegemea kijibonde kidogo sana cha mfupa wa bega, kama chungwa juu ya kisahani. Kinachokishikilia pale ni mfuko wa kiungo, kano, na misuli minne midogo inayokizunguka. Ndiyo maana bega linaweza kugeuka kila upande kuliko kiungo kingine chochote mwilini, na ndiyo maana pia linateguka kuliko vingine vyote. Mfuko huo una mkunjo unaolegea upande wa kwapa. Ukiinua mkono mkunjo unafunguka, ukishusha unajikunja. Sasa funga mkono kifuani wiki nane mfululizo. Mkunjo unashikana, mfuko wote unakakamaa na kusinyaa, misuli inakonda. Siku utakayofungua, mkono unafika usawa wa kifua na kugoma.

Na hapo maumivu yanarudi kwa nguvu. Mgonjwa anaamini ni jeraha la mwanzo ambalo "halijakauka", kumbe mfupa ulishaunga, na anachosikia sasa ni kiungo kilichokakamaa. Anaufunga tena. Anazidi kukakamaa. Nimeshaona watu wazima wakishindwa kufunga sidiria, kuanika nguo kwenye kamba, kushika bomba la juu kwenye daladala au kuinua mikono kwa takbira, na bado wananieleza kwa fahari kwamba hawakuusogeza hata siku moja.

Wala hili si jambo jipya la vitabu vya jana. Daktari wa upasuaji wa Boston, Ernest Codman, ndiye aliyelipa jina bega lililoganda, mwaka 1934. Zoezi la kuinama na kuacha mkono ubembee, ambalo mpaka leo ndilo la kwanza tunalofundisha baada ya mfupa kuvunjika pale begani, linaitwa kwa jina lake. Zaidi ya miaka tisini imepita na bado nabishana na ndugu wa mgonjwa korido.

Sasa muda. Bega lililoteguka na kurudishwa, kwa kijana, kitambaa kinatosha hadi wiki tatu. Kwa mtu aliyevuka miaka 40, wiki moja mara nyingi inatosha, kwa sababu yeye hatari yake kubwa ni kuganda, si kuteguka tena. Mfupa uliovunjika karibu na bega bila vipande kuachana sana, zoezi la kubembea linaweza kuanza ndani ya wiki mbili za mwanzo, daktari akishaona kwenye eksirei kwamba umetulia. Wenye kisukari wasikie mara mbili: mabega yenu yanaganda kirahisi kuliko ya wengine, na yakishaganda yanachukua muda mrefu zaidi kuachia.

Wako watu wasiotakiwa kuwahi, na nawataja ili mtu asije akanisingizia. Aliyeshonwa kano zilizochanika kwa kawaida anakaa na kitambaa wiki nne hadi sita, na katika kipindi hicho haruhusiwi kuinua mkono kwa nguvu zake mwenyewe. Mazoezi ya nguvu yanamsubiri mpaka karibu wiki ya kumi na mbili. Lakini hata yeye mara nyingi mkono wake husogezwa mapema, kwa mkono wa pili au na mtaalamu. Hapa ndipo watu wanapochanganya: kusogeza mkono ni jambo moja, kusogezewa ni jambo jingine. Ukitoka kwa daktari wa upasuaji bila kujua wewe ni wa lipi, rudi ukamuulize kabla hujapanda gari.

Vidole, kifundo cha mkono na kiwiko havina likizo. Kuanzia siku ya kwanza, toa mkono kwenye kitambaa, nyoosha kiwiko, kunja, fumba ngumi, fumbua. Anayekuja kwangu na vidole vilivyovimba na kukakamaa wakati aliumia bega, huyo hakufundishwa au hakusikiliza, na mimi huwa nashuku la pili.

Kitu cha kwanza kupotea ni kugeuza mkono kwenda nje. Watu wanahangaika na kuinua juu, wanatambaza vidole ukutani kila asubuhi, hawajui kwamba mkono usiogeuka nje hautafika juu hata wakiukokota. Bana viwiko vyote viwili mbavuni, kunja mikono ielekee mbele, kisha fungua viganja kwenda pembeni. Ule mzima utakwenda mbali. Kama ulioumia unaishia mbele yako, hapo ndipo pa kuanzia. Lala chali, shika mpini wa fagio kwa mikono yote miwili, na mkono mzima usukume ule mgonjwa kwenda nje taratibu. Mpini wa fagio unatosha. Wapo wanaouziwa mashine za kamba na magurudumu kwa bei ya mbuzi wawili na hawazigusi baada ya juma moja.

Na fanyeni kidogo kidogo, mara nyingi. Ushauri wangu kwa kila mtu, Muislamu na Mkristo, ni kwamba kila ukisikia adhana, dakika tano za bega. Hapa Dar es Salaam huwezi kusema hukusikia. Anayekuja kliniki Jumanne, akanyooshwa nusu saa, halafu akakaa mpaka Jumanne nyingine, ananipotezea muda wangu na nauli yake.

"Basi kama ni hivyo, tulivute lipande." Huu ndio upande wa pili wa ujinga uleule, na unafanywa na watu wenye upendo. Shemeji mwenye nguvu anashika mkono wa mgonjwa na kuupandisha kwa mkupuo huku anahimiza avumilie. Mfuko uliokakamaa hauachii kwa kupigwa mweleka. Unachubuka, unavimba, unakaza zaidi, na kwa mwenye mifupa dhaifu unaweza kusikia kitu kikivunjika kweli. Kipimo ninachokitumia ni rahisi: maumivu ya mazoezi yakitulia ndani ya nusu saa, uko sawa. Yakikuamsha usiku, punguza siku ya pili, usiache. Kama ulipewa dawa ya maumivu, imeze nusu saa kabla ya mazoezi. Kuna wazee wanaihifadhi mezani wakidhani wanaokoa figo, halafu wanashindwa kusogeza mkono hata inchi mbili.

"Fundi wa mifupa alilirudisha, likalia kabisa." Kulia kwake hakuonyeshi limekaa wapi. Bega likiteguka, mara nyingi linatoka kwa mbele, na linaweza kutoka pamoja na kipande cha mfupa, au likabana mshipa wa fahamu unaopita chini ya kiungo. Eksirei kabla, eksirei baada, na mtu wa kugusa ngozi ya bega kwa nje kuona kama ina ganzi, hayo ndiyo yanayotofautisha kurudisha na kubahatisha. Ninachokichukia zaidi ni kuchelewa. Bega lililokaa nje ya mahali pake zaidi ya wiki tatu ni vigumu sana kulirudisha bila kisu, na bado watu wanalichua kwa mafuta miezi miwili, linazidi kuwa bapa upande mmoja kama vile hakuna anayeliona.

Kukanda kwa maji ya moto siku hiyohiyo ya ajali kunaongeza uvimbe. Siku mbili tatu za mwanzo weka barafu, imefungwa kwenye kitambaa, kwa dakika chache. Joto lina nafasi yake baadaye, kabla ya mazoezi, na hapo sina ugomvi nalo.

Supu ya makongoro: kunywa, ni tamu. Haitafuti ufa kwenye bega lako na kwenda kuuziba. Mwili unahitaji protini, na maharage nayo yanayo.

"Wameninyima upasuaji kwa sababu sina hela." Mara nyingine fedha kweli ni kikwazo. Lakini mara nyingi hukunyimwa kitu, hukukihitaji. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uliofuatilia wagonjwa 250 waliovunjika mfupa wa mkono karibu na bega na vipande vikaachana, wengi wao wakiwa watu wazima wa makamo na wazee. Nusu walifanyiwa upasuaji, nusu wakafungwa kitambaa na kupelekwa mazoezini. Baada ya miaka miwili hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo katika namna walivyotumia mikono yao. Chuma si cheo. Ipo mivunjiko inayohitaji chuma, na yapo mabega yanayohitaji kushonwa, hasa kano iliyochanika ghafla kwa mtu anayeishi kwa kazi ya mikono, na huyo asikawizwe. Ila aliyevunjika akaambiwa aende mazoezini amepewa matibabu, hajafukuzwa.

Vijana wa mpira nao wana lao: bega likisharudi, limepona. Wiki ya tatu yuko golini. Anayeteguka mara ya kwanza kabla ya miaka 20, zaidi ya nusu yao linateguka tena, na kila likitoka linalegeza ukingo unaolizuia, mpaka inafika linatoka akijigeuza kitandani. Kwao kukaa na kitambaa muda mrefu si dawa. Dawa ni miezi ya kujenga misuli ile minne na ile ya ubawa wa bega, na likitoka mara ya pili, mazungumzo na daktari wa upasuaji.

Kulala. Wengi wanalalia chali na kiwiko kinazama nyuma ya kifua, halafu wanalaumu kitanda. Weka mto chini ya kiwiko uwe juu kidogo, au lala umeegemea mito kama mtu anayesoma gazeti. Ukivaa shati au kanzu, ingiza kwanza mkono unaouma. Ukivua, utoe wa mwisho. Hili ni dogo, lakini nimeshaona mtu akilia kwa ajili ya fulana.

Nimalizie na hili linalonitoa usingizi. Dereva wa bodaboda anaanguka, anatua kwa bega na upande wa shingo, mkono wote unalegea. Mfupa mzima, eksirei safi, anaambiwa nyumbani kwamba mishipa "imelala" na itaamka. Anakaa mwaka. Mishipa ya fahamu ikikatika au kunyofoka haiamki kwa kungojewa, na hata iliyochubuka tu hukua kama milimita moja kwa siku, kwa hiyo safari ya kutoka shingoni hadi kiganjani inaweza kuzidi mwaka na nusu. Wakati huohuo msuli uliokosa mshipa wake unakufa polepole, na baada ya mwaka hadi mwaka na nusu hauwezi tena kupokea kitu. Upasuaji wa mishipa hiyo hufaulu zaidi ukifanyika ndani ya miezi mitatu hadi sita tangu ajali. Mkono ukiwa hausogei kabisa au hauna hisia, usije kwangu kwanza. Omba rufaa kwa madaktari wa mifupa na mishipa ya fahamu, Taasisi ya Mifupa (MOI) pale Muhimbili au hospitali kubwa ya rufaa iliyo karibu nawe, wiki hiyohiyo, na uwaambie tarehe ya ajali kabla hawajakuuliza jina.